Mzee Mwaro Hakuua Mbuzi

Kila asubuhi Idah aliteka maji silangani. Silanga ni bwawa la kukusanya maji ya mvua, na kijiji chao, bara kidogo kutoka mji wa Gede, kilikuwa na moja tu. Watu walikunywa hapo. Mifugo walikunywa hapo. Ukingoni, mumewe, Dena, alilima nyanya.

Zilikuwa nyanya nzuri. Dena alizinyunyizia dawa ya wadudu mara kwa mara. Akimaliza, alishuka majini, akasuuza pampu humo humo. Chupa tupu alizitupa majanini. Wakulima wote wa pale walifanya hivyo, na hakuna aliyemkanya mwenzake.

Siku moja mbuzi wa jirani yao, Mwaringa, walitoka kunywa maji wakitetemeka. Povu liliwatoka mdomoni. Kabla jua halijawa kali, walikuwa wamekufa, hata majike wenye mimba.

Mwaringa alilia kama mtu aliyefiwa. Kisha akatafuta wa kumlaumu, wala hakutafuta mbali.

"Ni Mwaro!" akasema. "Jana nilimwona akipita karibu na zizi langu. Ameniroga!"

Mzee Mwaro alikuwa amefiwa na mkewe, akiishi peke yake. Nywele zake zilikuwa nyeupe, na macho yake mekundu kwa moshi wa kuni. Kosa lake lilikuwa hilo tu. Ni wazee wangapi wa pwani wameuawa kwa kosa la kuwa na mvi?

Alasiri vijana walikusanyika kwa Mwaringa na mapanga. Idah alikuwa akipita na ndoo yake kichwani. Alimsikia mmoja akisema, "Leo mchawi ahame, au tumchome pamoja na nyumba yake."

Idah alikwenda nyumbani mbio. Alimkuta Dena ameketi mlangoni. Chakula chake hakijaguswa.

"Baba Kalama, umesikia wanachotaka kumfanya Mzee Mwaro?"

"Nimesikia."

"Na wewe umekaa tu?"

Dena alitazama chini. "Jana jioni dawa ilibaki nyingi kwenye pampu," akasema polepole. "Niliimwaga silangani. Ile dawa mpya, kali."

Idah alitua ndoo.

"Uliimwaga mahali ninapoteka maji ya mwanao?"

"Sote tunasuuza pale, Mama Kalama. Si mimi peke yangu."

"Usinitajie wengine! Mkono uliomwaga ni wako. Umeua mbuzi wa watu. Umetia sumu maji tunayokunywa. Na sasa unanyamaza, mzee wa watu achomwe moto kwa ajili yako! Wewe ni mtu wa namna gani?"

"Nikisema, Mwaringa ataniua."

"Usiposema, watamuua Mwaro. Basi nitasema mimi."

Aliyamwaga maji yote ya ndoo na ya mtungi. Akampigia simu Widad wa Mambrui, afisa wa mifugo wa eneo lao, na naibu wa chifu. Kisha akaenda kusimama mbele ya mlango wa Mzee Mwaro.

Vijana walipofika, walimkuta hapo.

"Mama, ondoka," wakasema.

"Siondoki. Mbuzi wamekufa kwa dawa ya nyanya. Nendeni mkamuulize mume wangu."

Walicheka. Mmoja alimsukuma. Ndipo sauti ikasikika nyuma yao.

"Mwacheni! Ni kweli. Sumu niliimwaga mimi."

Alikuwa Dena. Mwaringa alimrukia, akamkaba shati. Bila shaka wangempiga vibaya, lakini pikipiki ya Widad ilifika, naibu wa chifu akiwa amepakiwa nyuma.

Widad aliwakagua mbuzi. Alikwenda silangani, akaokota chupa moja, akasoma maandishi yake. Aliporudi, uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Dalili hizi ni za sumu ya shambani," akasema. "Nitapeleka maji yakapimwe. Mpaka majibu yaje, mtu asiyaguse. Mbuzi hawa msiwale. Wazikeni mbali na maji."

"Tutayachemsha maji," mama mmoja akasema.

"Kuchemsha kunaua vijidudu, mama. Hakuondoi sumu. Sasa niambieni, nani mwingine husuuza pampu pale?"

Mkono mmoja ukainuka, kisha mwingine. Baadhi ya mikono iliyoinuka ilikuwa imeshika mapanga.

"Mnaona?" Widad akasema kwa ukali. "Uchafu ni wenu, na mlikuja kumchoma mtu mwingine!"

Siku zilizofuata, wanawake walibeba maji kutoka mbali; majibu yalipokuja, yalithibitisha kwamba silanga lilikuwa na sumu. Idah alinung'unika njia nzima, na alikuwa na haki. Dena alimlipa Mwaringa kwa mbuzi wake mwenyewe. Alizing'oa nyanya za ukingoni, akahamishia kilimo chake mbali na maji.

Widad alirudi na afisa wa kilimo kuwafundisha. Pima dawa ya kutosha shamba tu, isibaki. Chupa ikiisha, isuuze mara tatu, na maji hayo yatie ndani ya pampu, uyanyunyizie shambani. Itoboe chupa hiyo, mtu asije akaitilia mafuta ya kupikia. Usiichome. Irudishe kwenye duka la dawa za kilimo. Pampu ioshee shambani, kamwe si majini.

Wanakijiji walizungushia silanga ua wa miti. Mifugo walichimbiwa birika la kunywea nje ya ua. Vipimo viliporudiwa na maji yakaonekana salama, Idah alishuka kuteka tena.

Dena alikwenda kumwomba Mzee Mwaro msamaha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbuzi umewalipa," mzee akasema. "Lakini mimi nilikuwa ndani, nikisikia sauti za vijana niliowabeba mgongoni walipokuwa wadogo. Hilo nani atalilipa?"

Dena alikaa naye hadi jua likatua.

Mwaka uliofuata, ng'ombe wa Mwaringa alianguka ghafla. Watu wakaja kutazama. Kijana mmoja akaanza, "Huyu ng'ombe amerog..."

"Funga mdomo!" Mwaringa akamkatiza, simu tayari sikioni. "Ninazungumza na Widad."