Kwamboka Yuko Kazini

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Bonareri alimimina chai katika vikombe viwili. Akishajaza cha pili ndipo alipokumbuka, akairudisha chai kwenye birika. Nyanya yake, ambaye jamaa wote walimwita Magokoro, alikuwa amefariki miezi mitatu iliyopita. Bonareri alikuwa akilala katika nyumba ya Magokoro tangu utotoni, akichuma naye majani ya chai, akitaniwa naye mchana kutwa.

Jina halisi la Magokoro lilikuwa Kwamboka. Mtu akimwita kutoka barabarani, bibi huyo alijibu kwa sauti kutoka katikati ya michai, "Hayupo! Yuko kazini!" Watu walicheka hadi wakashika mbavu.

Siku ya mazishi, Bonareri alipoanza kulia, babake, Makori, alimshika bega akamnong'oneza, "Wewe ndiwe mkubwa. Jikaze, usilie." Basi msichana wa watu akajikaza kweli. Alijikaza siku ile na wiki zilizofuata, hata chakula kikawa hakimpiti kooni. Shuleni macho yalikuwa ubaoni, mawazo yalikuwa kaburini, kando ya migomba ya nyumbani kwao Ikonge.

Kisha mamake, Drusilla, akajifungua mtoto wa kike. Jumapili moja shangazi Nyakerario alifika kwa bodaboda kutoka Ekerenyo. Alimpokea mtoto, akamtazama usoni, akatabasamu.

"Karibu nyumbani, Kwamboka," akasema.

"Huyo si Kwamboka!" Bonareri alifoka. "Mwiteni jina lingine lolote!"

Jamani, kumfokea shangazi mbele ya watu! Drusilla alifungua kinywa amkanye, lakini binti alikuwa ameshatoka mbio.

Makori alimkuta ameketi kando ya kaburi la Magokoro. Hakumgombeza. Aliketi chini, ingawa alivaa suruali yake ya kanisani.

"Kwa nini hutaki, mama?" akauliza.

"Mkimpa mtoto jina hilo, watu watamsahau Magokoro," Bonareri alisema. "Wakisikia Kwamboka, watamfikiria mtoto. Yeye atakuwa amekwisha kabisa."

Makori akamjibu, "Sisi Abagusii humpa mtoto jina la aliyetutoka ili tuendelee kumtaja. Hebu niambie, tangu tumzike, nani amelitaja jina lake hapa nyumbani?"

Bonareri alifikiri. Hakuna. Wote walisema "marehemu", tena kwa sauti ya chini.

"Kosa ni langu," babake akasema. "Nilikukataza kulia. Nilijua ukianza wewe, nami nitaanza, na niliwaonea watu haya. Yule alikuwa mama yangu, Bonareri. Nami namkosa."

Machozi yalimtoka. Bonareri hakuwa amewahi kuona machozi ya babake. Aliangua kilio, kilio cha miezi mitatu, na babake akamkumbatia, wakalia pamoja hadi kwikwi zikapungua.

"Sikiliza, mwanangu," Makori alisema akijifuta uso kwa mkono wa shati. "Kumlilia mtu unayempenda si udhaifu. Huzuni ukiificha, itakunyima chakula na masomo. Ikikulemea, njoo uniambie. Mwambie mama, mwambie mwalimu wako. Nami nikilemewa, nitakuambia."

"Ndiyo, Baba."

"Na jina la mtoto, uamue wewe. Ukikataa, tutatafuta jingine."

Walirudi nyumbani. Bonareri alimwendea shangazi, akainamisha kichwa. "Nisamehe, Shangazi. Nimekukosea adabu."

"Yameisha, mwanangu," Nyakerario alijibu, macho yake pia mekundu.

Bonareri alinyoosha mikono, akapewa mtoto. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumbeba. Alikuwa mzito kuliko alivyodhani, na alinukia maziwa. Chumba kizima kilikuwa kikimngojea.

"Kwamboka," akaita polepole.

Mtoto hakufumbua hata jicho. Alikuwa amekunja ngumi, anafyonza midomo kwa bidii zake zote.

"Hayupo," Bonareri alisema, machozi yakimtiririka huku akicheka. "Yuko kazini!"