Roboti Iliyompita Redio

Fundi seremala alifanya kazi na kaka wa mkewe. Watu walimwita huyo shemeji Redio, kwa sababu hazimiki. Fundi mwenyewe alikuwa mtu wa maneno machache. Hata akiwa na homa, ukimuuliza hali hujibu, "Sijambo."

Siku moja mke wa fundi aliwapelekea chai, akakuta paa la karakana limeanguka. Wote wawili walikuwa ndani. Redio alilia mtaa mzima ukasikia. Mguu wake ulikuwa umevunjika. Fundi alikuwa ameketi kimya, ameegemea meza ya kazi. Mkewe alipomwita, alijibu kwamba hajambo, wamtazame shemeji.

Majirani walitaka kuingia. Kikosi cha zimamoto kilipofika, mwokoaji mmoja aliwazuia, kwani ukuta ulikuwa ukiyumba. Wenzake walipokuwa wakiuegemeza kwa magogo, aliteremsha roboti ndogo yenye magurudumu, kimo chake kama mbuzi mchanga. Iliingia yenyewe ikikwepa mbao, bila mtu kuiongoza.

Ilisimama kwa Redio kidogo, kisha ikampita.

"Hata mashine inanidharau," Redio alilalamika.

Ilipofika kwa fundi ilijishusha mpaka chini, kama mtu anayepiga magoti. Ilikitazama kifua chake. Ikamwomba kwa sauti ya upole aubonyeze mkono wa mpira iliomnyooshea. Halafu taa yake nyekundu ikawaka. Nje watu wote walikuwa wakichungulia. Kitu kisicho na mama wala baba kilikuwa kinamhudumia mtu wao.

Mke aliuliza mbona imemwacha anayelia.

"Anayelia ana pumzi ya kulia, mama," mwokoaji alimjibu. "Aliyenyamaza ndiye wa kutazamwa kwanza. Roboti haitosheki na jibu la mdomo, inahesabu pumzi. Mumeo anahema zaidi ya mara thelathini kwa dakika. Daktari anaiona hesabu hiyo sasa hivi, huko huko hospitalini. Huenda damu inavuja ndani."

Machela ilikuwa moja. Majirani walisema atolewe Redio.

Redio alisikia. "Mtoeni shemeji," alisema. "Mimi nitalia polepole."

Fundi alipasuliwa siku ileile, akapona. Redio alifungwa plasta. Siku hizi mtaani pale mtu akiumia, majirani humtafuta kwanza aliye kimya, wakatazama kifua chake.

Kesho yake baada ya upasuaji, mke aliketi kando ya kitanda cha mumewe, akatazama saa ya ukutani na kuhesabu. Pumzi kumi na sita kwa dakika. Akahesabu tena, kwa raha tu.