Kipande cha Kwanza cha Mama Nyuzi

Uzi ulikatika kwa mlio mmoja mkali, ukamchapa msusi kidole, na gitaa likabaki likivuma mapajani mwake kama nyuki aliyefungiwa chupani.

Solo akatoka bafuni na taulo begani.

—Umefanya nini?

—Ulikuwa umelegea. Nikaukaza kidogo.

—Kidogo?

Msusi akakinyonya kidole. Kazini kwake kitu kilicholegea ni aibu. Msuko ukilegea, mteja anarudi baada ya siku tatu uso kaukunja, na saluni nzima inajua aliyesuka ni nani. Kwa hiyo alipoona uzi mmoja wa gitaa la mchumba wake unatikisika kuliko wenzake, alizungusha kile kifunguo cha kukazia mpaka vidole vyake vikaridhika. Uzi ndio haukuridhika.

Solo akautazama uzi uliojikunja, akamtazama yeye, akacheka. Cheko lile lilimuuma kuliko kidole.

—Msusi wangu, mikono hii ni ya nywele za watu. Ya gitaa niachie mimi.

Mtu asiyewajua angedhani ni utani tu. Lakini msusi alikuwa amekwisha kumwomba amfundishe mara tano au sita, na kila mara Solo alikuwa na sababu yake. Vidole vitaota sugu. Gitaa ni la kazi. Bendi ina mazoezi. Wanawake hawana subira na nyuzi, alisema siku moja, akimwambia mtu anayeweza kusimama saa saba akisuka kichwa kimoja.

Na gitaa ndilo lililowaunganisha. Miezi minane nyuma Solo, mpiga gitaa la solo wa bendi ya hotelini, aliingia saluni kumsubiri dada yake, mvua ikamfungia humo. Akatoa gitaa, akapiga kitu kitamu, cha taratibu, kinachopanda ngazi tatu na kushuka mbili. Msusi, ambaye kwa aibu yake huongea na wateja kupitia kioo, alimuuliza kupitia kioo hicho hicho:

—Wimbo gani huo?

—Wako. Nimekutungia wewe. Nakuonaga ukipita.

—Mbona hauna maneno?

—Maneno yake ni wewe.

Msaidizi wake alisahau mashine ya kukaushia nywele juu ya kichwa cha mtu. Na msusi, kusema kweli, alikwisha siku ile ile.

Sasa alitaka tu kulipa kosa lake. Akachukua kile kipande cha uzi, akakiweka kwenye pochi, na kesho yake akawauliza wateja wanapouza nyuzi za gitaa. Mmoja akamwelekeza kwa mama anayetengeneza magitaa nyuma ya duka la magodoro. Watu wanamwita Mama Nyuzi.

Mama Nyuzi alikuwa na miwani iliyofungwa kwa waya na magitaa kumi na moja ukutani, mengine hayana vifuniko. Aliupokea ule uzi, akaugeuza, akamshika mkono bila kumwomba.

—Wewe unasuka.

—Ndiyo, mama. Shikamoo.

—Marahaba. Umeukaza kama unasuka. Ushawahi kupiga?

—Nimeambiwa mikono yangu haifai.

—Nani kakwambia?

Msusi akatabasamu, akaangalia chini. Mama Nyuzi akavuta kigoda kwa mguu.

—Kaa hapo kwanza. Halafu ndiyo tutajua kama haifai.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Saluni hufungwa Jumatatu, na Jumatatu Solo huwa mazoezini na bendi. Kila Jumatatu msusi alikwenda kukaa kwenye kile kigoda. Mama Nyuzi alikuwa na utaratibu wake, na haukuwa na huruma: wiki mbili uzi mmoja tu, juu na chini, mpaka usikike safi. Ukileta haraka anakurudisha mwanzo. Baada ya hapo mishiko mitatu, yaani namna tatu za kubana nyuzi kwa vidole vya kushoto, na kuhama kutoka mmoja kwenda mwingine bila kutazama. Wimbo haupewi kabla ya hapo, hata ukilia.

Tabu ya msusi ilikuwa ile ile moja. Alikaza. Alibana nyuzi mpaka kucha zikabadilika rangi, na sauti ikatoka imekunjamana.

—Legeza, mwanangu. Hilo gitaa halina pa kukimbilia.

Aliazimwa gitaa kuukuu, akalificha kwa mama yake nyuma ya kabati. Vidole viliuma, vikavimba, vikaota ngozi ngumu. Na ngozi hiyo ndiyo iliyomtaja. Solo alimshika mkono siku moja wakivuka barabara, akasita, akavisugua vidole vyake kimoja kimoja. Anaijua ngozi ile, anayo mwenyewe.

Akamwachia mkono, wakavuka. Kesho yake akauliza kwa ujumbe wa simu.

“Nani anakufundisha?”

“Najifunza tu.”

“Nimeuliza nani.”

“Si mwanamume, kama ndicho kinachokusumbua.”

Dakika kumi zikapita. Kisha:

“Jumamosi naleta wazee na pete. Nikifika kwenu nisilikute hilo gitaa. Chagua.”

Msusi alilisoma lile neno la mwisho akiwa na nywele za mtu mkononi. Mteja akamuuliza kama kuna habari mbaya nyumbani. Akasema hapana, akaendelea kugawa njia katikati ya kichwa, imenyooka kama rula. Hakuchagua. Kwa nini achague kati ya vitu viwili ambavyo havijawahi kugombana?

Jumatatu iliyofuata, siku tano kabla ya pete, Mama Nyuzi alimsikiliza akihama mishiko yote mitatu, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

—Haya. Leo nakupa kipande cha kwanza.

Akapakata gitaa lake, akapiga. Kitu kitamu, cha taratibu. Kikapanda ngazi tatu. Kikashuka mbili.

Msusi alihisi masikio yanapata moto. Akangoja kije kigeuke, labda kinafanana tu. Hakikugeuka.

—Mama, wimbo huu wa nani?

—Wangu. Niliutunga nikiwa na mimba ya kitinda mimba wangu, kwa ajili ya wanaoanza. Una mishiko mitatu tu, ndiyo maana. Kila aliyepita kwenye kigoda hicho anaujua. Hata kijana mmoja anayepiga solo siku hizi huko hotelini, aliuanzia hapo ulipokaa. Alilia, maskini, vidole vilimuuma.

—Una maneno?

—Sijawahi kuutia. Wa kujifunzia tu huo.

Hapo mengi yakajipanga yenyewe, kama nywele zilizopakwa mafuta. Mazoezi yasiyoisha. Gitaa la kazi. Wanawake na subira yao. Solo hakuogopa vidole vya mchumba wake kuharibika. Aliogopa msusi atafika kipande cha kwanza.

Mama Nyuzi akamuuliza kama anaumwa.

—Siumwi, mama. Nifundishe mpaka mwisho wake.

*

Jumamosi sebule ya mama yake ilijaa. Upande wa dirishani Solo, mama yake na baba yake mdogo, mzee mwenye machozi ya karibu. Upande wa mlangoni msusi, mama yake, dada yake na majirani wawili waliojifanya wamekuja kusaidia vyombo. Salamu zikapita, chai ikapita, pete ikavishwa, vigelegele vikatoka. Msusi aliiangalia pete kidoleni. Ilikuwa nzuri. Na Solo alikuwa amependeza, hilo nalo lilimuuma.

Kisha Solo akafungua gitaa lake.

—Wazee wangu, huu niliutunga kwa ajili yake. Hauna maneno. Maneno yake ni yeye.

Akapiga, na alipiga vizuri hasa. Baba mdogo akatoa leso. Ulipoisha, Solo akaongeza kwa kicheko kwamba mwenzake alikuwa ameanza kushindana naye kwenye nyuzi, lakini wamekubaliana ataacha. Nyumba moja, mpiga gitaa mmoja. Watu wakacheka.

—Sijakubali.

Alilisema kwa sauti ndogo, ile ile anayoongelea na kioo. Lakini ilisikika mpaka mlangoni.

—Mwanangu, mama yake akanong'ona, si hapa.

—Ni hapa hapa, mama. Na yeye kasemea hapa.

Akaingia chumbani, akarudi na gitaa la kuazima. Akakaa, akashika mshiko wa kwanza, na pete ikagonga shingo ya gitaa: ko. Akaivua. Akaiweka kwenye kisahani cha chai mbele ya baba mdogo, bila haraka, kama anavyoweka kitana.

Mshiko wa kwanza ulitoka safi. Wa pili uzi mmoja ukakohoa. Wa tatu alichelewa, akasimama. Jirani mmoja akaguna. Msusi akavuta pumzi, akalegeza mkono, akaanza upya mbele yao wote. Ukapanda ngazi tatu. Ukashuka mbili.

—Si ndio ule ule? mama yake Solo akauliza.

—Kakufundisha vizuri mchumba wako, baba mdogo akasema.

—Hajanifundisha, baba. Nimefundishwa na mama anayetengeneza magitaa nyuma ya duka la magodoro. Wimbo ni wake, wa kufundishia wanaoanza.

Dada yake msusi alishika birika hewani, akasahau kulitua.

—Solo, msusi akasema, mimi nimeshasema yangu.

Solo angeweza kukana. Alifungua mdomo kama anayetaka kukana. Kisha akautazama ule mkono wa kushoto wa msusi, ngozi yake ngumu, akainamisha kichwa.

—Ni kweli. Vipande vya watu najua kupiga. Changu sina hata kimoja. Niliogopa ukijifunza utajua.

—Kwa hiyo nisijifunze, ili wewe usijulikane.

Mama yake Solo akajaribu kuyamaliza: wimbo ni wimbo tu, mkwe wangu, vaa pete yako tule.

—Wimbo ningesamehe leo hii, mama. Ila alinicheka vidole, na alijua kwa nini ananicheka.

Pete ilibaki kwenye kisahani mpaka wageni walipoinuka. Mama yake Solo ndiye aliyeifunga kwenye leso ya baba mdogo, ikiwa bado na unyevu wa machozi.

*

Wiki tatu zilipita. Wateja walimpa pole, wengine walimtajia wachumba wapya. Aliwasuka wote vizuri.

Jumatatu ya nne jioni alikuwa nyumbani, gitaa mapajani, simu ikatikisika.

“Nimerudi kwenye kigoda. Naenda Jumatano. Nilimwomba Mama Nyuzi radhi, akanipa uzi mmoja, kama mwanafunzi mpya. Wiki mbili. Bendi nzima wananicheka.”

Ikaja sauti iliyorekodiwa. Gitaa la kubabaisha, halafu Solo, ambaye hajawahi kuimba mbele ya mtu, akaimba mistari miwili:

Nilivicheka vidole,
vidole vikanijibu.

Na ikaishia hapo, kama mtu aliyefika ukingoni.

Msusi aliisikiliza mara mbili. Ya tatu akacheka peke yake.

“Nani kakutungia?”

“Mimi. Haisikiki?”

“Inasikika. Ni mbaya.”

“Najua. Nirudie?”

“Rudia. Ila usikaze sana.”

Simu ikatikisika tena.

“Na pete?”

Alivitazama vidole vyake vinne vya kushoto, vigumu nchani, vyepesi kwingine kote.

“Ikae kwa mama yako kwanza. Inagonga shingo ya gitaa.”

Akaigeuza simu kifudifudi, akashika mshiko wa kwanza, wa pili, na alipofika wa tatu hakuchelewa.