Betri Mbili na Mwizi Mmoja

Kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, mke wa kinyozi alifagia nywele za jana. Kinyozi mwenyewe alifuta kioo, akawasha mashine, akaisikiliza ikinguruma. Watu walimwita Kipara. Kinyozi mwenye kipara! Wateja walimtania kwamba alijifunzia kazi kwenye kichwa chake mwenyewe, na nywele zikasusa kurudi. Naye alicheka pamoja nao. Alikuwa hodari wa mkono, lakini alikuwa hodari zaidi wa mdomo. Mkono wake haukumdhuru mtu. Mdomo ndio uliomponza.

Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Juu ya bati palikuwa na paneli ya sola. Katika chumba kidogo cha nyuma palikuwa na betri mpya. Mchana jua liliijaza betri, na betri iliendesha mashine na taa. Mambo yalikwenda vizuri.

Kisha dada yake mdogo akarudi nyumbani. Ndoa yake ilikuwa imevunjika. Alikuja na sanduku la nguo na betri moja kuukuu. Hivyo tu ndivyo alivyopata kwa miaka yote aliyopika na kufua katika nyumba ya mume.

"Kaka, sina kingine cha kukupa," alisema. "Chukua hii betri. Itakusaidia kazini."

Kipara alifurahi. "Mke wangu, njoo uone! Betri mbili. Sasa tutakuwa na nguvu mara mbili."

Aliziweka betri ubavu kwa ubavu. Alichukua waya, akaunga chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Waya aliziunga sawasawa. Jambo moja hakujiuliza: je, betri hizi zinalingana?

Dada alitandika godoro lake katika chumba hicho hicho cha betri. Hapakuwa na chumba kingine.

Haukupita muda, mashine ikaanza kuchoka asubuhi. Ilikwama katikati ya nywele na kuvuta.

"We Kipara, unaninyoa au unaning'oa?" mteja mmoja alipiga kelele.

Kipara aliona aibu. Jioni alikuwa amefunga duka betri zikiwa zimejaa. Alizima taa, akazima mashine. Asubuhi nguvu zimekwisha! Zilikwenda wapi?

"Mimi sisemi kitu," alisema mkewe, na mtu akianza hivyo ujue anasema. "Lakini nani analala na hizo betri? Wifi ana simu. Na simu yake haizimi."

Kipara hakupima, hakuuliza fundi. Alimwita dada yake dukani, wateja wakiwa wamekaa kwenye benchi.

"Unachaji simu usiku?"

"Hapana, kaka. Nachaji mchana kwa jirani, na wewe unajua."

"Basi umeme unakwenda wapi? Unatoka kwa miguu?"

Wateja walicheka. Dada hakucheka.

"Kaka, naapa kwa mama yetu aliyetuzaa. Sijagusa betri zako."

"Mwizi gani aliwahi kusema ameiba?" alisema Kipara.

Neno hilo likatoka. Mwizi. Tena mbele za watu. Dada alimtazama kaka yake, akamtazama wifi yake, akaingia chumbani. Alitoka na sanduku mkono mmoja. Betri yake aliibeba kichwani, ndani ya beseni. Hakuaga. Watoto wa Kipara walimkimbilia wakilia, "Shangazi! Shangazi!" Mama yao akawaita warudi.

Sasa sikiliza uchungu wenyewe. Kesho yake asubuhi, mashine ilinguruma kama siku ya kwanza. Keshokutwa vilevile. Kipara alipiga mapaja.

"Mnaona? Mwizi ameondoka, umeme umebaki. Mnataka ushahidi gani tena?"

Kila aliyekalia kiti chake aliisikia habari hiyo. Aliwasimulia vijana, akawasimulia wazee. Alimsimulia hata mwalimu wa fizikia aliyeishi ng'ambo ya barabara. Mwalimu alitikisa kichwa kwa masikitiko, akalipa, akaenda zake. Kichwa kimoja baada ya kingine, habari ikatoka dukani ikazunguka mtaani. Dada akawa mwizi sokoni, akawa mwizi kisimani.

Mwaka ukapita. Wateja waliongezeka. Kipara akaweka kiti cha pili na mashine ya pili. Betri moja haikutosha tena. Rafiki yake aliyefunga duka lake alimuuzia betri kuukuu. Kipara akaiunga na yake kama alivyounga zamani. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi.

Asubuhi yake, mashine ikachoka.

Kipara alikwenda chumba cha nyuma. Mlango ulikuwa na kufuli. Ufunguo alikuwa nao mfukoni. Ndani hapakuwa na godoro wala mtu. Alirudi dukani.

Mkewe aliegemea ufagio. "Haya. Leo tutamshika nani?"

Wakati huo huo mwalimu wa fizikia akaingia, akakaa kitini. Kipara akaanza kumnyoa. Upande wa kulia ulikwisha. Alipohamia kushoto, mashine ikakwamakwama, ikazima.

Mwalimu alijitazama kwenye kioo. Nusu ya kichwa ilikuwa nyeupe, nusu nyeusi.

"Shuleni watanichora ubaoni," alisema. "Kuna nini?"

"Nguvu zimekwisha, Mwalimu. Jana jioni betri zote mbili zilikuwa zimejaa. Nilizima kila kitu."

"Betri zote mbili?" Mwalimu aligeuka. "Unazo mbili? Zinafanana?"

"Moja yangu. Nyingine kuukuu, nimenunua jana."

Mwalimu alifunika kichwa kwa taulo, akavuka barabara hadi kwake. Alirudi na mita ya kupimia umeme. Walikwenda chumba cha nyuma, wakaondoa waya, wakatenganisha betri. Mwalimu akapima moja moja.

"Hii yako imechoka, lakini ni nzima. Ikijaa inafika volti kumi na mbili na nusu. Hii kuukuu ina volti kumi na nusu tu. Ndani ina vyumba sita, na kimoja kimekufa. Hata uijaze vipi, haitafika kumi na mbili."

"Kwa hiyo nguvu yake ni ndogo. Si itaongeza hicho kidogo ilicho nacho?"

"Haiongezi. Inakunywa. Njoo nikuoneshe."

Walirudi dukani. Mwalimu alichukua kipande cha sabuni, akachora kwenye kioo. Alichora betri mbili na waya mbili zinazoziunganisha. Mkewe Kipara aliacha kufagia, akasogea.

"Mnaijua tochi ya betri tatu?" Mwalimu aliuliza. "Betri zinafuatana kwa mstari. Kila moja ina volti moja na nusu. Zikielekea upande mmoja, tunajumlisha. Tunapata nne na nusu. Ukigeuza moja, hiyo inasukuma kinyume. Tunaitoa. Moja na nusu, ongeza moja na nusu, toa moja na nusu. Unabaki na moja na nusu tu, na tochi inafifia."

"Hilo nalijua," alisema Kipara. "Lakini mimi sikugeuza."

"Hukugeuza. Sasa weka kidole hapa, kwenye betri yako. Zunguka njia nzima mpaka urudi ulipoanzia. Ukipita kwenye betri kutoka hasi kwenda chanya, jumlisha. Ukipita kutoka chanya kwenda hasi, toa."

Kipara aliweka kidole. "Hapa naingia hasi, natoka chanya. Najumlisha kumi na mbili na nusu." Kidole kilifuata mstari wa sabuni. "Hapa naingia kwenye ile kuukuu. Naingilia chanya, natokea hasi. Natoa kumi na nusu."

"Kimebaki nini?"

"Mbili."

"Volti mbili. Zingelingana, ungebaki na sifuri, na umeme usingetembea kati yake. Sasa una volti mbili zinazosukuma umeme kutoka betri yako kwenda kwenye ile mbovu. Njiani umeme unabanwa kidogo na waya, na ndani ya betri zenyewe. Kule kubanwa tunakuita ukinzani. Tuseme wote, kwa kipimo chake, ni nusu omu. Ukigawanya volti kwa ukinzani, unapata umeme unaotembea. Gawanya mbili kwa nusu."

Mkewe alijibu kabla ya mumewe. "Nne."

"Ampea nne, mama. Zinatembea usiku kucha, hakuna anayetumia kitu. Na ile mbovu haiweki akiba. Inaupoteza umeme kwa joto."

"Lakini nilizima swichi zote!" alisema Kipara.

"Swichi zako ziko huku mbele. Njia hii iko kule nyuma, baina ya betri na betri. Haina swichi."

"Na mtu akichaji simu?" aliuliza mkewe polepole.

"Simu inakunywa kijiko. Betri ni ndoo. Mtu mmoja mwenye simu moja hawezi kuimaliza kwa usiku mmoja. Hakuna mwizi hapa."

Mkewe alikaa kwenye benchi la wateja.

"Mwalimu," alisema, "betri ya wifi yangu nayo ilikuwa kuukuu. Alipoondoka, aliondoka nayo."

Mwalimu alivua taulo. Alikuwa amesahau kichwa chake. "Ndiye yule uliyenisimulia, Kipara? Nilikuwa nimekaa kwenye kiti hiki hiki. Nikatikisa kichwa tu. Sikukuuliza mlikuwa na betri ngapi. Swali moja, na sikuliuliza."

Siku hiyo Kipara alibaki na betri yake peke yake. Ile mbovu aliipeleka kwa wanunuzi wa betri chakavu, kwa sababu maji yake yanaunguza na haifai kutupwa ovyo. Baadaye alipata betri ya pili mpya, ya aina moja na ukubwa mmoja na yake. Mwalimu alipima zote mbili kwanza. Walizijaza mpaka zikalingana, ndipo wakaziunga. Mashine zote mbili zikanguruma hadi jioni. Asubuhi zikanguruma tena.

Lakini kabla ya hayo, Kipara alimtafuta dada yake. Alimkuta upande wa pili wa mji, katika chumba cha kupanga, akiwafulia watu nguo. Betri yake ilikuwa pembeni, peke yake, imeunganishwa na taa moja ndogo hafifu.

Kipara alimweleza yote. Volti, kidole, nusu omu. Dada aliendelea kukamua shuka.

"Kwa hiyo sasa umeamini," alisema.

"Nimeamini, mdogo wangu. Nisamehe."

"Mimi niliapa kwa mama, hukuamini. Mita imekutajia namba mbili, umeamini."

Kipara alishika ncha ya pili ya shuka, akasaidia kukamua.

"Rudi nyumbani," alisema. "Watoto wanakuulizia."

"Watoto waje. Mimi sirudi. Kule nikipita watu wanashika mifuko yao." Alikung'uta shuka, akaianika. "Ulinichafua dukani kwako, kaka. Kanisafishe huko huko."

Tangu hapo Kipara anafanya hivyo. Kila asubuhi anachora upya betri mbili kwenye kioo kwa sabuni. Kila anayekaa kitini anafundishwa: usiunge betri kuukuu na mpya, pima kwanza, zungusha kidole, jumlisha, toa. Kisha anamwambia, "Dada yangu hakuiba. Mimi ndiye niliyekosea." Wengine wamejifunza, na betri zao zimepona. Watoto huenda kwa shangazi yao kila Jumapili. Yeye mwenyewe hajakanyaga dukani.

Juzi alikuja mteja wa zamani, mtu aliyehamia mbali akarudi kutembea. Kipara alimfundisha kwa bidii mpaka mwisho. Mteja alisikiliza, akafuata kidole, akapata jibu sawasawa.

"Nimeelewa kabisa," alisema. "Ila huyo dada unayemtaja ni yupi? Ni yule mwizi?"

Kipara alizima mashine, ingawa betri zilikuwa zimejaa. Alichukua sabuni, akaanza upya tangu betri ya kwanza.