Gunia la Udongo la Aloyce

Kila asubuhi lori la vitunguu lilipita Karatu kuwachukua wapakiaji na kuwapeleka Mang'ola. Dereva akipiga honi, Edson alitoka mbio, chapati mkononi. Aloyce alibaki mlangoni akimtazama shemeji yake akipanda lori, kwenye nafasi iliyokuwa yake.

Aloyce alikuwa mpakiaji hodari. Kazi yake ilikuwa kubeba magunia ya vitunguu kutoka shambani hadi kwenye lori. Na gunia la Mang'ola si gunia hivihivi. Ni lumbesa. Linajazwa mpaka mdomoni, kisha linaongezewa kilemba juu. Kulibeba ni sifa, na Aloyce aliipenda sifa hiyo kuliko nyama choma.

Siku moja alianguka na bodaboda, akavunjika mguu. Akafungwa hogo, ile plasta ngumu ya hospitali. Lilipofunguliwa, mfupa ulikuwa umeunga vizuri, lakini paja lilikuwa limenywea. Sofia, mkewe, akamwita mdogo wake Edson kutoka kijijini kwao Daa aje kusaidia, nyumba isilale njaa. Raphaeli, kiongozi wa wapakiaji, akampa Edson nafasi ya Aloyce.

Hapo wivu ukaingia, tena wivu mbaya. Edson akileta unga, Aloyce anasema una mchanga. Majirani wakimsifu Edson, Aloyce anakohoa. Sofia akimwambia mdogo wake pole na kazi, moyo wa mumewe unaungua. Mungu amsamehe, kuna siku aliomba mgongo wa kijana yule uume, angalau kidogo, ajue kazi ni nini.

Kisha Raphaeli akapita na habari. Mavuno makubwa yakianza ataongeza mtu mmoja. Aloyce akiwa amepona, nafasi ni yake. Asipopona, atapewa mwingine, na huyo hatatolewa.

Aloyce akataka kupona kwa haraka. Alijaza gunia udongo uliolowa, akaliongezea kilemba. Ndiyo, hata mazoezi aliyajaza lumbesa. Akajitwika, akajaribu kuinuka. Mguu ukakataa. Akaenda chini, gunia juu yake. Sofia alikuja kumtoa pale huku analia na kumgombeza.

Jirani yao Rahel alisikia kishindo, akaja. Rahel alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha waliovunjika mifupa kurudisha nguvu. Alilipapasa goti, akaukunja na kuukunjua mguu. Bahati nzuri hapakuwa na kilichovunjika.

"Baba Nelson, mbona uliacha kuja kliniki?" alimuuliza Aloyce.

"Dada, mlinipa dumu dogo la maji, eti nilishike nikikaa na kuinuka. Mimi ni mtu wa lumbesa."

"Misuli yako haijui sifa," Rahel alimjibu. "Inajua kufanya kazi mpaka ichoke. Mzigo mzito unaichosha upesi. Mzigo mwepesi nao unaichosha, ila lazima uunyanyue mara nyingi, mpaka uone zimebaki mara mbili tatu tu ushindwe. Ukifanya hivyo, misuli itajaa kwa mwepesi karibu sawa na kwa mzito. Ukiacha kabla hujachoka, hapo umecheza tu."

"Basi mzito hauna faida?"

"Unayo. Anayetaka nguvu za kuinua gunia zito, mwishowe ajizoeze na kizito. Lakini kizito kinataka goti lililo tayari. Lako bado. Tuanze na chepesi, tupandishe taratibu."

Akamwelekeza zaidi. Asizuie pumzi, aitoe wakati wa kuinuka. Apumzike siku moja kabla ya kurudia. Misuli ikichoka na kuwaka, ni kawaida. Maumivu makali ya goti yakija, aache mara moja na kumwambia.

Zoezi lilikuwa dogo, aibu ilikuwa kubwa. Jioni Edson alimkuta shemeji yake akikaa na kuinuka kwenye stuli, dumu kifuani, miguu inatetemeka. Edson alisimama akatazama, kisha akaingia ndani. Ananicheka huyu, Aloyce aliwaza, na wivu ukamchoma upya. Akaumeza, akaendelea. Dumu dogo likawa rahisi, akashika kubwa. Baadaye ndoo ya mchanga. Paja likaanza kujaa. Mwishowe Rahel mwenyewe akamruhusu kubeba nusu gunia.

Mavuno makubwa yalipoanza, Aloyce alipanda lori. Shambani Raphaeli akamwonyesha lumbesa, na wapakiaji wote wakageuka kutazama. Edson naye alikuwepo. Wivu ulimwambia Aloyce abebe, liwalo na liwe. Alilitazama gunia lile, akapumua.

"Hilo bado," alisema. "Nipe la nusu."

Wengine walicheka. Aloyce akabeba la nusu, akarudi, akabeba tena, mpaka lori likajaa. Hakuchechemea. Raphaeli akasema nafasi ni yake, na lumbesa zitasubiri.

Aloyce alizunguka nyuma ya lori kunywa maji, akamkuta Edson amekaa chini. Kijana alijaribu kusimama, akashindwa.

"Mgongo, shemeji," alisema kwa sauti ndogo. "Unaniuma tangu juzi. Dada hajui. Jioni nakuona na mazoezi yako, nakuonea wivu. Wewe una mtu wa kukufundisha. Mimi nabeba tu, nikiogopa kwamba ukipona narudishwa Daa."

Aloyce alikuwa ameomba mgongo huu uume. Sasa unauma, na hakuona raha yoyote, aliona haya. Aliinama kwa magoti kama alivyofundishwa, akamshika Edson kwapani, wakainuka pamoja.

"Daa huendi," alimwambia. "Raphaeli ameongeza mtu, hajapunguza. Lakini kesho hupandi lori. Nakupeleka kwa Rahel."

Kule kliniki, Rahel alimpima Edson, akampa mazoezi mepesi, akamkataza magunia mpaka apone. Siku zile zote Aloyce ndiye aliyeleta unga nyumbani. Edson aliupokea mlangoni, akasema pole na kazi, shemeji. Aloyce akamwambia asante, akaingia kula naye.