Kiti Kina Mwenyewe

Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida. Saa kumi na moja jioni Kipsang aliegesha Peugeot yake mbele ya lango la Anti Parminder, mtaa wa Section 58, akapiga honi mara moja. Abiria wake alikuwa Ritu, binti wa Kihindi kutoka Uingereza, aliyekuja kuizunguka nchi hii na begi moja la mgongoni. Ruhusa yake ya kukaa Kenya ilikuwa inaisha kesho. Dawa waliijua wote wawili: unafika Malaba mpakani, unavuka daraja kwa miguu, unakunywa soda upande wa Uganda, unarudi na muhuri mpya wa miezi mitatu. Walikuwa wamefanya hivyo Januari. Sasa ulikuwa Aprili, mwaka wa 2008, na muhuri ulikuwa umezeeka tena.

Kipsang hakuwa ametaka kwenda. Alisema gari ni bovu, kesho yake akasema ana homa. Njia ya mwongo ni fupi. Anti Parminder, ambaye Ritu alikuwa akiishi kwake, alimpigia simu Jerop, mke wa Kipsang, akaambiwa mume yuko nyumbani mzima wa afya, anatazama ukuta.

"Weka begi kwa buti," Kipsang alimwambia Ritu, akifungua nyuma ya gari.

"Januari lilikaa kiti cha nyuma."

"Weka kwa buti tu, madam."

Kiti cha nyuma hakikuwa kikikaliwa siku hizi. Jerop alikikataa tangu Februari, akidai kina unyevu na kinanuka nyasi iliyokatwa sasa hivi. Kipsang alikisugua kwa Omo, akakisugua kwa Dettol, akakianika uani siku tatu. Kiangazi chote kile, ng'ombe wa mjini wakitafuna makaratasi kwa kukosa malisho, kiti kilinuka nyasi mbichi. Leo, Ritu alipofunga mlango wa mbele, harufu ilizidi.

Walipoipita Salgaa, Ritu alianza hadithi za visiwa vyake. Alikuwa amejiwekea nadhiri ya kulala kwenye kila kisiwa atakachofikia kabla ya kurudi kwao, na Kiswahili chake alikuwa amekiokota hukohuko, kwenye maboti na jikoni mwa watu.

"Kuna kitu cha ajabu, Kipsang. Baringo, mwenye boti alinipa jaketi mbili za kuelea. Nikamwambia niko peke yangu. Akaangalia nyuma yangu... akawasha injini. Mfangano, mama mmoja alinitandikia mikeka miwili. Nikamuuliza, wa pili wa nani? Akasema, 'Wa mama yako.'"

Ritu alicheka. Kipsang hakucheka.

"Na kitu kingine," Ritu akasema. "Yule mama muuza nyasi, pale Timboroa, Januari. Alijuaje jina lako?"

Kipsang alibadilisha gia.

Alijuaje? Alilijua kwa sababu kwa miaka tisa alimpikia chai. Kila dereva wa njia ile alimjua Mama Kang'ethe na kibanda chake cha mbao. Alikuwa wa kabila jingine, ameolewa upande ule akiwa msichana, akamzika mume wake hapo, na majirani wakampenda, mpaka kura zilipopigwa na majirani wakaanza kuulizana nani ni wa wapi. Kipsang aliwahi kula kwake bila la kulipa, akaambiwa, "Enda mwanangu, utaleta siku nyingine."

Siku ile ya Januari moshi ulikuwa pande zote mbili za barabara. Kipsang alikuwa amepita vizuizi vitatu kwa jina lake tu. Vijana wenye mishale walisoma kitambulisho chake, wakamwambia, "Pita, boss." Mbele ya kibanda kilichoungua alimwona Mama Kang'ethe amesimama, mjukuu wake ameshika leso yake, na yeye mwenyewe mkononi amenyanyua konzi ya nyasi.

Hakuwa muuzaji. Alikuwa ameishi na watu wa Kipsang vya kutosha kuijua sheria yao. Anayekuinulia nyasi humpigi wala humfukuzi. Na ukiipokea nyasi yake mkononi, umempokea yeye, na shida yake imekuwa yako.

Kipsang alipunguza mwendo, mguu wenyewe ulimsaliti. Mama Kang'ethe akaja mbio dirishani.

"Kipsang, mwanangu. Mchukue mtoto. Mtoto tu."

Naye Kipsang akatazama kiti cha nyuma, begi la mzungu wa Kihindi limekaa pale kwa raha zake, akasema neno ambalo angetoa mkono wake wa kulia ili alirudishe.

"Kiti kina mwenyewe, mathe."

Akakanyaga mafuta. Ritu alipouliza mama anasema nini, alimjibu kwamba anauza nyasi ya ng'ombe. Alijiambia kwamba mbele kuna vizuizi vingine, kwamba wangemkuta na mtoto yule wangewaua wote. Lakini kutoka pale mpaka Malaba hawakukuta kizuizi hata kimoja. Barabara ilikuwa nyeupe.

Baadaye hakuuliza kilichowapata. Aliogopa kuuliza kwa sababu aliogopa kujibiwa.

"Alisema 'mchukue'," Ritu aliendelea polepole. Nje giza lilikuwa limeanza kuingia na ukungu wa Timboroa ukishuka. "Siku ile sikujua Kiswahili. Sasa najua. Mchukue nani, Kipsang?"

"Achana na hayo."

"Nilimwonea huruma. Nikanunua."

Kipsang aligeuka. "Ulinunua nini?"

"Nyasi yake. Wewe ulikuwa unatazama nyuma. Nilipitisha mkono dirishani nikampa pakiti ya biskuti, yeye akanipa nyasi. Alinishika mkono hivi... akalia. Nilidhani ni shukrani."

Ritu akatoa pasipoti mfukoni, akaifungua kwenye ukurasa wa muhuri wa Januari. Katikati ya kurasa, nyasi ililala.

Miezi mitatu.

Ilikuwa bado mbichi. Kijani kibichi, na umande juu yake.

Kwa hiyo mama yule alikuwa amepokewa. Mkono wa mgeni asiyejua sheria ulimpokea, na kinywa cha mwenye kuijua kilimfukuza. Harufu ya nyasi ilijaa gari zima. Halafu, kutoka kiti cha nyuma, mtu alishusha pumzi... pumzi ya mtu aliyechoka.

"Kipsang, mwanangu..."

Sauti ilikuwa ndogo. Ritu aliziba mdomo kwa mkono.

"Simama hapa," sauti ile ikasema.

Alisimama. Kushoto, kwenye ukungu, mabaki ya kibanda yalikuwa yameota magugu. Kipsang alishuka, akafungua mlango wa nyuma. Kitini hapakuwa na mtu. Alitaka kusema samahani, akabaki ameshika mlango tu.



Kisha kwenye changarawe... tapa. Tapa, tapa. Miguu midogo, mitupu, ikija mbio kutoka kwenye magugu.

Kitu cha baridi kilimpita kwenye goti. Gari liliinama kidogo, kama linavyoinama abiria akipanda. Mlango ukafungwa, taratibu, na si yeye aliyeufunga.

Ritu alilia kimyakimya, na Kipsang aliendesha polepole usiku kucha bila kutazama kioo. Mara mbili walisikia mtu akitafuna biskuti.

Malaba walifika alfajiri. Mvua ilikuwa imenyesha, na kando ya malori yaliyopanga foleni matope yalikuwa laini. Ritu alipokea muhuri wa kutoka, akabeba begi lake, akaelekea darajani. Kipsang alisimama kwenye gari akimtazama. Viatu vya Ritu viliacha alama matopeni. Nyuma yake, hatua kwa hatua, zikafuata alama nyingine: nyayo za mwanamke asiye na viatu, na kando yake nyayo ndogo.

Kipsang hakufikiri. Aliinama, akang'oa konzi ya nyasi kando ya barabara, akainyanyua juu kwa mikono miwili. Madereva wa malori walimtazama. Machozi yalimtoka mbele yao wote, mwanaume wa miaka arobaini na minne.

"Mama," alisema. "Nisamehe."

Zile nyayo zilisimama. Za mwanamke zikageuka, vidole vikamwelekea yeye. Alingoja, nyasi juu, mikono ikiuma. Alingoja mpaka maji yakajaa kwenye alama zile.

Kisha zikageuka tena, zikavuka daraja bila kuipokea nyasi yake.

Ritu alirudi baada ya saa mbili, muhuri mpya ukiwa umegongwa. Ile nyasi haikuwa tena kwenye pasipoti, wala hakujua imeangukia wapi. Kiti cha nyuma kilikuwa kikavu, hakinuki chochote. Alimgusa Kipsang begani akamwambia, "Wamevuka."

Kipsang alifungua kiganja chake. Nyasi aliyoing'oa asubuhi ileile, yenye mizizi na matope bado, ilikuwa imekauka. Ilivunjika vipande vipande vidoleni mwake.

Mpaka leo anaendesha njia ile. Kila akifika Timboroa husimama, hung'oa nyasi, huinyanyua. Hukauka kabla hajafika garini.