Chumvi Iliyojificha Kwenye Sosi ya Fatushi

Saa kumi alasiri, jiko la Naziha lilinukia mkate uliokaushwa. Naziha alikuwa akikata matango, nyanya na figili. Mjini Tarabulusi futari bila fatushi si futari. Fatushi ni kachumbari ya mboga na vipande vya mkate mkavu, na utamu wake wote umo kwenye sosi.

Naziha alichukua bakuli. Alimimina maji ya madanzi, yale machungwa makali, kutoka kwenye chupa, akaongeza mafuta ya zeituni, kitunguu saumu na sumaki, ule unga mwekundu mchachu. Hakuonja, maana alikuwa amefunga. Miaka ishirini ya kupika si mchezo. Mkono wake ulijua kipimo.

Mara mumewe, Fawazi, akaingia. Alitoka zahanati, na uso wake ulikuwa umemshuka.

"Imepanda," alisema.

"Presha?"

"Mia na sabini kwa mia. Daktari anasema nikirudi Alhamisi nayo hivi hivi, nisifunge tena. Anaogopa nitapata kiharusi."

Naziha aliweka kisu chini. Fawazi alikuwa hajakosa saumu hata moja tangu utotoni. Lakini neno lililomchoma Naziha ni kiharusi. Na tena, mbona imepanda? Wiki mbili nzima hakutia chumvi kwenye chungu. Zeituni za chumvi alizitoa mezani. Jibini alimpa jirani. Dawa Fawazi alikuwa akimeza kila siku.

"Baba Khalduni, sema kweli. Unakula achari huko karakana."

"Mchana wa Ramadhani? Una akili wewe?"

"Usiku, basi. Ukitoka tarawehe."

"Wallahi sijaigusa! Wewe je? Mbona chakula chako kitamu hivi kama hakina chumvi?"

"Kitamu kwa sababu ya danzi! Si daktari mwenyewe alisema tutie uchachu na viungo badala ya chumvi?"

"Basi huo uchachu una mambo," alisema Fawazi, akageukia dirisha.

Sauti ilitoka juu. Mama mkwe, Bi Widadi, aliishi ghorofa ya tatu. Alikuwa akiteremsha kikapu kwa kamba.

"Naziha! Pokea chupa! Ni maji ya madanzi niliyokamua mwenyewe. Mtilie mwanangu kwa wingi, asikie ladha!"

"Ahsante, mama," Naziha alijibu. Aliitoa chupa kikapuni, akaiweka mezani, kisha akalia. Alikuwa amefanya kila alichoambiwa, na mumewe alizidi kuugua mikononi mwake.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Sista Evelini, muuguzi, jirani wa mlango wa pili. Alisema amekuja kuomba kotimiri. Kusema kweli alikuwa amesikia ugomvi na alitaka kuusikia vizuri zaidi. Naziha alimweleza yote.

"Haya. Chakula mmekionja?" Sista aliuliza.

"Tuonje vipi, na tumefunga?"

"Mimi Mkristo. Ulimi wangu leo uko kazini."

Alichovya kidole kwenye sosi, akakunja uso. "Naziha, mwanangu, hii ni bahari!"

"Sijatia chumvi! Naapa!"

Fawazi aligeuka. "Nilisema mimi."

"Nyamaza wewe," Sista alimwambia. "Sijasema ametia. Nileteeni kila kilichoingia humu, kimoja kimoja."

Alionja mafuta ya zeituni. Hayakuwa na kitu. Alionja kitunguu saumu. Safi. Akatia sumaki kidogo ulimini.

"Chumvi," alisema.

"Haiwezekani! Sumaki ni tunda la porini."

"Wengi wakisaga huchanganya na chumvi, isigande wala isiharibike. Pakiti iko wapi? Soma."

Naziha alileta pakiti. Alisoma polepole, kidole chini ya maneno madogo. "Sumaki... na chumvi." Alikuwa akiinunua tangu harusi yake. Hakuwahi kuisoma hata siku moja.

Sista alifungua ile chupa mpya ya Bi Widadi. Akaonja, akakohoa.

"Hii ndiyo mama yao."

"Lakini hiyo ni danzi tupu!" Naziha alisema. Kisha akakumbuka. Majira ya baridi wanawake wa jengo lote hukamua madanzi pamoja. Hutia chumvi, humimina mafuta juu, na chupa hukaa mwaka mzima. Mwaka huu aliyeshika mtungi wa chumvi alikuwa Naziha mwenyewe. Alikuwa anajua. Ila haikumpitia akilini kwamba hiyo nayo ni chumvi. Kwao hiyo ilikuwa danzi.

"Mbona mimi sikuisikia?" Fawazi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Aliyefunga tangu alfajiri kila kitu kwake ni kitamu. Na ulimi uliozoea chumvi hauisikii. Kila mlipoipunguza chunguni, mliiongeza hapa."

Sista alikunja mikono ya blauzi. "Tazama, Naziha. Kamua malimau mawili mabichi, na nusu chungwa. Utapata ladha ya danzi. Ponda kitunguu saumu na bizari nyembamba badala ya chumvi, kisiteleze kinuni. Tia nanaa kavu na pilipili manga. Mafuta yawe sawa na maji ya limau. Tikisa ndani ya chupa yenye kifuniko. Sumaki nunua nzima, usage mwenyewe. Na dawa asiache."

"Na mama nani atamwambia?" Naziha aliuliza.

Fawazi alitazama viatu vyake. "Wewe unaongea vizuri zaidi."

Naziha akapanda ghorofani. Bi Widadi alimsikiliza hadi mwisho.

"Danzi yangu?" alisema. "Miaka hamsini nalisha watu!" Akafunga mlango. Siku nne kikapu hakikushuka.

Jioni ya kwanza Fawazi alikula fatushi mpya na kununa. "Kama nyasi," alisema. Jioni ya tatu aliongeza sahani. Alhamisi alirudi na karatasi ya daktari mkononi. Mia na arobaini kwa tisini. Dawa aendelee, na saumu afunge. Naziha aliisoma mwenyewe, mara mbili, akamwita Sista Evelini naye aisome.

Kabla ya adhana mlango ulifunguliwa. Bi Widadi aliingia na bakuli. Vidole vyake vilikuwa vyekundu kwa kukamua malimau.

"Haina chumvi hata chembe," alisema. "Mbaya kama dawa. Utakula."

"Nitakula, mama."

Adhana ikalia. Fawazi alifuturu kwa tende, kisha akavuta bakuli. Mama yake alikaa kando, akamshika shavu.

"Unizike, mwanangu," alisema.

Kina mama wa Tarabulusi huwaambia wana wao neno hilo, yaani nife mimi kabla yako, mara kumi kwa siku, la mapenzi tu, na hakuna anayelisikia. Jioni hiyo Fawazi aliacha kijiko kikaning'inia hewani. Alimtazama mama yake, akamtazama Naziha.

"Inshallah, mama," alijibu, akala hadi bakuli likabaki tupu.